Kariakoo: nimelipa 1,180,000, risiti imesoma 350,000. Kodi niliyotoa iko kwa nani?

Wakuu habari za usiku. Nina hasira tangu Jumamosi, leo nimeshindwa kunyamaza.

Nilikwenda Kariakoo kumnunulia mama friji. Yuko Mbagala, anauza barafu na maji ya baridi, ya zamani imekufa na biashara imesimama. Duka silitaji, maana mchezo wenyewe haukuanzia kwao. Bei ya kwanza niliyopewa ni milioni moja. Nikauliza, na risiti? Kijana akanitazama kama nimemtukana. "Dada, ukitaka risiti ongeza laki na themanini." Nikasema sawa, naongeza. Friji ina waranti, na waranti bila risiti haikusaidii siku kitu kikiharibika.

Nikatoa simu, nikaomba lipa namba, ile namba ya duka ya kupokea malipo kwa simu. Stika yake imebandikwa nyuma ya kaunta, naiona. Naambiwa haifanyi kazi, mtandao unasumbua, nitume namba ya kawaida na niweke na hela ya kutolea. Kuingiza namba, linakuja jina la mwanamke ambaye hayupo pale dukani, halifanani na la kwenye bango wala la kwenye mashine ya risiti. Kirikuu, kigari cha mizigo, kilishaanza kupakia na mama alikuwa anapiga simu kila baada ya dakika kumi. Nikatuma.

Risiti nimekuja kuisoma vizuri Mbagala. Shilingi 350,000.

Sasa tupige hesabu pamoja. Kwenye 1,180,000 niliyotoa, VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ni 180,000. Kwenye 350,000 iliyoandikwa, VAT ni kama 53,390. Kati hapo kuna 126,610 ambazo nilizitoa mimi, kwa jina la kodi, na hazitafika popote. Faida yake muuzaji ilishakaa ndani ya ile milioni moja. Hii nyingine ni hela ya umma iliyopita mkononi mwake ikabaki humo. Na bado kuna mauzo ya zaidi ya laki saba ambayo hayatatokea kwenye hesabu zake za mwaka wakati wa kodi ya mapato.

Kinachonitia uchungu ni kwamba risiti siyo feki. Nimeihakiki kwenye tovuti ya TRA, mamlaka ya mapato, inatambulika vizuri tu. Mashine za EFD, hizi za kutolea risiti, tunazo tangu 2010 na shida yake ni hii hii: mashine inajua kile tu kilichobonyezwa na kidole cha mtu. Akibonyeza 350,000, serikali inaona 350,000. Hakuna shahidi wa pili. Ningelipa kwa lipa namba ya duka, shahidi wa pili angekuwepo, kwa sababu 1,180,000 ingekuwa imeingia kwenye akaunti ya biashara, siku ile, saa ile. Kazi ya TRA ingekuwa kuweka rekodi mbili kando kando tu. Ndiyo maana stika ipo ukutani halafu "haifanyi kazi".

Mimi ni mwajiriwa. Mshahara wangu unakatwa PAYE, kodi ya mapato ya mwajiriwa, kabla haujanifikia. Ukivuka 270,000 kwa mwezi umeanza kukatwa, na kile kinachozidi milioni moja kinakatwa asilimia 30. Sijawahi kuulizwa na mhasibu kama nataka mshahara wa na makato au wa bila makato. Halafu nikienda dukani na kile kilichobaki, naulizwa kama nataka bei ya na risiti au ya bila risiti, kama vile kodi ni nyongeza ya hiari, sawa na kuongezewa mfuko.

Na kuna jambo wengi hawalijui. Bajeti ya 2025/26 ilishusha VAT huku Bara kutoka asilimia 18 hadi 16 kwa mnunuzi ambaye hajasajiliwa VAT, akinunua kwa mfanyabiashara aliyesajiliwa na kulipa kupitia benki au mfumo wa kielektroniki ulioidhinishwa. Yaani mimi. Friji ile ile ilitakiwa iwe 1,160,000. Elfu ishirini kwa mama ni mtaji wa siku kadhaa. Badala ya kupunguziwa kwa kutumia simu, nimeongezewa ya kutolea juu yake.

Najua wafanyabiashara mpo humu na mtakuja. Sehemu ya hoja zenu naikubali kabisa. Mei 2023 Kariakoo ilifungwa mpaka Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza, na Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Watu hawafungi maduka kwa kupenda. Mtu anaogopa kwamba mauzo yake yote yakionekana kwenye simu, yatachukuliwa kama faida na makadirio yatampiga, wakati katika ile milioni huenda faida yake ni elfu themanini. Mwingine mzigo wake uliingia bila karatasi kamili, akikata risiti ya bei halisi ataulizwa mali aliipata wapi. Huyu wa pili simuonei huruma. Wa kwanza namuelewa.

Na serikali nayo ilituharibia. Julai 2021 ilileta tozo za miamala ya simu, muamala mmoja mkubwa ukawa unatozwa mpaka 10,000 juu ya makato ya kawaida. Ilipunguzwa baadaye baada ya kelele, lakini watu walishajifunza kutembea na noti. Mama yangu mpaka leo mteja akimwambia "nakutumia", anamwambia toa cash mwanangu. Huwezi kumtisha mtu akimbie simu, halafu ulalamike kwamba mauzo hayaonekani.

Ninachodai hakihitaji maajabu. Serikali ilipotaka hela zake zisiishie mikononi mwa watu, ilileta kumbukumbu namba ya malipo (control number), na leo huwezi kumkabidhi karani noti kirahisi kama zamani. Pantoni ya Kigamboni tunagonga kadi. Kwa nini lipa namba ya mfanyabiashara wa VAT isifungwe moja kwa moja na mashine yake, hela ikiingia risiti itoke yenyewe kwa kiasi kile kile, bila kidole cha mtu katikati? Na makato ya kupokea yaondolewe. India waliyafuta kwa wafanyabiashara wanaopokea kwa UPI, mfumo wao wa kulipa kwa simu, tangu Januari 2020, na pale hata muuza chai ana karatasi ya kuskani. Korea Kusini tangu 1999 mwajiriwa anayelipa kwa kadi anapunguziwa kodi yake ya mapato. Mnipunguzie PAYE hata kidogo muone kama kuna muuzaji atanikwepesha lipa namba.

Naomba kujua kwenu, kuna aliyewahi kutozwa ile asilimia 16 Kariakoo, ikaonekana kwenye risiti? Na wenye maduka, mniambie kwa kweli, lipa namba inawakata kiasi gani kwenye milioni moja?

Jumatatu naomba ruhusa kazini narudi dukani. Ujumbe wa muamala wa 1,180,000 ninao kwenye simu, na jina la yule mwanamke, na saa niliyotuma. Ningetoa noti nisingekuwa na kitu cha kumuonyesha. Nitataka risiti ikatwe upya kwa bei niliyolipa, wakikataa natoka hapo na karatasi zangu zote mbili mpaka ofisi ya TRA. Nitaleta mrejesho humu humu.