MJADALA: Vijana wa skeiti Malindi wapewe sakafu yao Buntwani, ama tuendelee kuwafukuza?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu wa Malindi, na jirani zetu wa Amu (Lamu) mko karibu pia, hili jambo tulijadili wazi manake barazani lazunguka tu kila jioni na hakuna anayelimaliza. Tuna mabarobaro wacheza skeitibodi, ule ubao wa magurudumu, mji huu, si wengi lakini waongezeka, na hawana pahali. Wakijibanza kwa veranda laini ya duka, soja awatimua na saa zingine awanyang'anya ubao. Wakiingia lami, wako kati ya tuktuk na boda. Swali ni hili: sehemu moja pale ufukweni, tuseme Buntwani, itengwe imwagwe sakafu yao kwa pesa ya umma, ama tuendelee kuwafukuza?

Mimi nasema itengwe. Na iwe ya umma kweli, bila geti bila tiketi, si ndani ya ploti ya hoteli wala si kwa hisani ya mfadhili mwenye bango lake.

Kuna kitu wengi hawakijui, hizi kabro, vile vitofali vya simiti tunavyotandaza kila mahali, hazifai kabisa kwa skeiti. Gurudumu la ubao wa kufanyia mitindo ni dogo na gumu, kipenyo chake milimita hamsini na kitu hivi, sasa kila kabro mbili zinapokutana pana mwanya umejaa mchanga, gurudumu ladunda tak tak tak mpaka ubao wote watetema miguuni na spidi yafa kabla hujafika popote, na kikokoto kimoja kikiingia mbele ya gurudumu ubao wasimama papo hapo, wewe mwenyewe waendelea na safari kwa kifua. Kwa hivyo mtu akiniambia "si kuna kabro nzuri pale wakacheze", najua huyo hajawahi kumtazama kijana hata mmoja akicheza. Wanachotaka ni sakafu ya simiti iliyopigwa niru ikawa laini na mitelemko miwili mitatu. Hiyo tu.

Halafu hii ya "mchezo wa wazungu". Ulianza California miaka ya 1950 kwa watu wa kuteleza mawimbi, siku ambazo bahari imelala wakatia magurudumu chini ya ubao wakacheza barabarani. Sasa niambieni ni mji gani pwani hii wenye haki zaidi ya mchezo huo kuliko Malindi? Kusi ikipiga, Juni mpaka Septemba, ghuba yetu yapata mawimbi kwa sababu mwamba umeacha mwanya upande huu, na watoto wa ufuoni wayapanda hata kwa kipande cha mbao. Mguu ule ule, kiuno kile kile. Na mpira nao ulikuja na meli, mbona leo hakuna anayeuita wa wageni.

Wenzetu walishaanza zamani. Kampala mtaa wa Kitintale wana kiwanja tangu 2006, vijana wenyewe walikoroga zege. Nairobi kuna kile cha Shangilia cha 2013, kilijengwa na wajerumani wa shirika la skate-aid. Accra walipata chao 2021. Cha Shangilia nakipenda ila kiko ndani ya makao ya watoto, na hapo ndo nataka sisi tufanye tofauti. Uwanja ukiwa ndani ya ua wa mtu, ufunguo ni wake.

Mama wa Muyeye

Kaka mimi nitasema ukweli hata kama mtanichukia. Baricho iko hapa hapa kaunti yetu, yapeleka maji mpaka Mombasa, na mimi mfereji wangu watoa hewa, nanunua maji kwa mitungi ya mkokoteni. Halafu kaunti imwage simiti ya watoto kuruka? Na mkono ukivunjika ni nani atakayekaa foleni ya eksrei, si mimi mama yake? Sisemi wafukuzwe kama mbwa. Nasema kuna cha kwanza na cha pili.

Mzee wa Shella

Assalam aleikum wanangu. Mimi sina ubaya na michezo, ujanani tulicheza mpira hapo hapo ufuoni. Lakini yale magurudumu yana kelele ya kukwaruza na misikiti iko karibu, adhana yaadhiniwa na mtu asikia ubao wapigwa chini. La pili ni mchanganyiko wa mabinti na wavulana mpaka magharibi. Hayo yatazamwe kabla ya simiti, si baada.

Fundi

Mimi naongea upande wa kazi tu. Mkimwaga hapo Buntwani mjue mko usoni pa bahari. Msikubali kontrakta akachota mchanga wa ufuoni kwa sababu uko karibu, una chumvi, nondo yashika kutu, kutu yavimba na simiti yapasuka kutoka ndani, miaka michache tu mtaona vyuma vimechungulia. Mchanga uwe wa mto, maji yasiwe ya kisima chenye chumvi, na nondo zifunikwe zege la kutosha. Ule mtelemko wa mviringo nao haumwagwi kama sakafu ya nyumba. Zege laja kavukavu lisiporomoke, unakata plaiwudi kwa umbo la ule mviringo unaotaka kisha waiburuta juu yake taratibu kama unavyochonga keki, halafu mwiko, halafu niru kabla halijakauka. Muanze alfajiri. Jua la saa sita likilipata bado bichi litapasuka nywele nywele. Na lifunikwe magunia mabichi limwagiwe maji siku 7 bila kukosa, hapo ndo mafundi wengi waharakisha.

Kazi yawezekana na yawezekana na watu wa hapa. Tenda ikienda kwa mtu ambaye hajui hata mchezo ni gani, atawajengea matuta.

Wa Amu

Huku kwetu msituige. Mji wa kale uko kwa orodha ya UNESCO tangu 2001, ndia ni za punda na watu, ukipishana na punda wa mawe lazima ujibane ukutani. Uwazi wa maana mjini ni Mkunguni mbele ya ngome, na Mkunguni ni ya wazee, ya bao, ya maulidi. Kijana akija na ubao pale hata mimi nitamwambia bwana hapana. Lakini Malindi nyinyi mna nafasi na mna barabara pana, sioni sababu ya kubishana. Ombi langu moja, mkishajenga mtafute wale wanaochora majahazi wawapambie ile mitelemko, msitulete yale maandishi ya dawa ya kopo ya kila mji duniani.

Binti wa Maweni

Shikamoo mzee wangu. Mimi nacheza. Nacheza na mtandio na suruali pana na nyumbani wajua. Hapo umesema mchanganyiko, nikujibu kwa adabu: sasa hivi ndo tuko pabaya, kwa sababu twacheza vichochoroni pasipo mtu mzima. Uwanja ulio wazi ufukweni, mama zetu wameketi na wauza mahamri wapo, ni salama zaidi. Twaweza kupanga hata jioni mbili kwa wiki ziwe za wasichana peke yetu. Kabul yenyewe wasichana walifundishwa skeiti kwa masiku yao, na dhahabu ya kwanza ya skeiti ya wanawake Olimpiki, ile ya Tokyo iliyochezwa 2021, ilichukuliwa na mtoto wa miaka 13, Momiji Nishiya wa Japani. Adhana twasimama mzee, hata leo twasimama.

Na mjue tunahangaika kweli. Mchanga na chumvi ya hapa vyaua beringi, wiki mbili gurudumu lalia kama panya. Tunazichomoa kwa bisibisi, twaziloweka kwenye mafuta ya taa ndani ya kikopo cha chai, tunatikisa mpaka mafuta yageuke meusi, twazianika kwa gazeti, kisha tone la mafuta ya cherehani. Mtu anayefanya hivyo kila mara si mtu anayepoteza wakati. Video zetu twapiga kwa simu, mmoja alala chini karibu kabisa na gurudumu ili mruko uonekane. Watu wazitazama, halafu kesho yake soja yule yule atufukuza.

Mwanzisha mada

Mama wa Muyeye, maji hata mimi nanunua na sitakwambia si tatizo. Ila kabro za mwaka huu zitatandazwa tu, wewe walijua hilo, na hakuna aliyeziambia kabro zingoje maji. Naomba kipande cha pesa hiyo hiyo kibadilishwe sakafu. Kuhusu kuvunjika mkono, leo wanavunjikia kwa lami mbele ya tuktuk, nataka wahame hapo. Helmeti za kuazimana ziwekwe kwenye ombi pia.

Kitu kingine, tafadhali tusiunadi huu uwanja ati utamaliza unga wa kulevya. Malindi tuna watu wa kliniki ya methadoni, tunajua uraibu hautibiwi na ubao. Tukiahidi hivyo, akipatikana kijana mmoja analewa pale wataufunga. Tuseme ukweli, ni mahali pa kuchezea na vijana wana haki napo.

Mzee, ya adhana nakubali iandikwe kwa kanuni za uwanja.

Utaratibu ni huu: mpango wa mwaka wa kaunti hupelekwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili, na kabla ya hapo lazima waite umma. Huwa tunaenda watu wanane na wote twaongea ya barabara. Fundi, naomba uchore hata kwa karatasi ya daftari, upana na idadi ya mifuko, manake ombi lisilo na michoro hurudishwa. Binti wa Maweni, leteni sahihi na mje nyinyi wenyewe kwenye kikao.

Mama wa Muyeye

Basi andikeni. Benchi na kivuli cha sisi wazazi viwe ndani ya huo mchoro, na bomba la maji ya kunywa liwepo na litoe maji. Nitakuja kwenye kikao, na ya mfereji wangu nitayasema hapo hapo.