Watangazaji wa redio wa Marekani wanaolalamika siasa masaa matatu kila siku, hawafungiwi? Na nani anawalipa?

Kuchele_Lindi

Wakuu salaam. Nipo Lindi mjini, naomba kueleweshwa maana kwenye grupu letu la ukoo amani imeisha kabisa. Baba mdogo yupo Texas anaendesha malori ya safari ndefu, na kule njiani kutwa nzima anasikiliza zile redio za maongezi za wahafidhina, alafu anatukatia klipu anatuma na maelezo yake ya Kiswahili chini. Leo wahamiaji, kesho walimu wanawafundisha watoto sijui nini, keshokutwa anafufua ile ya 2023 ya Bud Light kufanya tangazo na mtu aliyebadili jinsia mpaka mwanamuziki mzima Kid Rock akajirekodi anazipiga risasi kreti za bia. Mzee wangu ambaye Marekani anaijua kwa kuisikia tu siku hizi anaamka na hasira za kule, shangazi yeye yupo upande wa pili, juzi wametupiana maneno mpaka shangazi akalefti. Uchaguzi wenyewe hakuna hata mmoja wetu anayepiga kura!

Sasa naomba kujua, hivi kule hakuna mamlaka ya kuwafungia? Huku ukisema robo ya yale maneno unaitwa ukajieleze. Na mtu anakaaje masaa matatu kila siku analalamika tu, muziki hakuna, mpira hakuna, na watu wapo wanamsikiliza, hela inatoka wapi? Sitetei upande wowote, siasa zao sina hisa.

Mpiga Debe Bima

Mwambie baba mdogo apunguze klipu aongeze dola 😂😂 bando lenyewe la kudownload hasira za Texas nalipia mimi?

Mwl_Newala

Mkuu, swali la kufungiwa lina historia. Na wao walikuwa na kanuni tangu 1949, kituo kikigusa jambo lenye ubishani lazima na upande mwingine usikike. Tume yao ya mawasiliano, FCC, ikaifuta Agosti 1987 enzi za Rais Reagan. Miezi michache kabla ya hapo Bunge lilikuwa limepitisha muswada wa kuifanya iwe sheria kabisa, Reagan akaupiga chini. Mwaka uliofuata, Agosti 1988, ndo mtangazaji wa kihafidhina Rush Limbaugh akatoka Sacramento, California, akaanza kurusha kipindi cha nchi nzima kutokea New York.

Lakini msibebeshe ile kanuni kila kitu. Masafa ya AM yenyewe yalikuwa hoi, muziki wote umehamia FM kwa sababu sauti ni safi, wenye vituo vya AM wamebaki na minara na hawana cha kurusha, na mtu anayeongea hahitaji sauti safi ya muziki. Limbaugh akaja na biashara tamu, kituo kinachukua kipindi na badala ya kutoa hela mkononi kinamwachia dakika kadhaa za matangazo, zile anaziuza kwa wadhamini wa nchi nzima, zinazobaki kituo kinauza kwa wenye maduka wa pale pale mjini. Mwenye mnara wa kijijini huko atakataaje? Akafika vituo zaidi ya 600. Chama cha Republican, kile cha wahafidhina, kilipolichukua Bunge 1994 wabunge wapya wakampa uanachama wa heshima wa kundi lao, mtu wa redio tu huyo. Februari 2020 akapewa medali ya juu kabisa ya raia wakati Trump anahutubia Bunge, na Februari 2021 kansa ya mapafu ikamchukua. Watangazaji akina Sean Hannity na Mark Levin unaowasikia kwenye klipu wamepita kwenye njia aliyoilima yeye.

Kuhusu serikali kumziba mtu mdomo, katiba yao inakataza, marekebisho ya kwanza ya 1791. Ila kuna mlango wa nyuma, aliyechafuliwa anaweza kwenda mahakamani. Mtangazaji mwingine, Alex Jones, alikuwa anawaambia watu kwamba mauaji ya shule ya Sandy Hook ya Desemba 2012, watoto 20 na watu wazima 6, ni maigizo. Wazazi wamezika watoto alafu wasikilizaji wa yule bwana wanawafuata kuwaambia wanaigiza! Wakamshtaki, na Oktoba 2022 baraza la mahakama huko Connecticut likasema alipe dola milioni 965. Kwahiyo kule hufungiwi ila unafilisiwa.

dada_wa_Mikindani

Samahanini ila mnaongea kama wasikilizaji wa zile redio ni mazuzu. Jiulizeni kabla ya 1988 yule mkulima wa Kansas alikuwa anasikiliza nini. Magazeti makubwa na TV zote zipo New York na Washington, zikimzungumzia ni kama zinamcheka, kanisa lake, bunduki yake, anavyolea watoto. Ghafla yupo mtu redioni anaongea kama yeye na jirani yake wanavyoongea barazani, tena kwa vichekesho, maana Limbaugh hakuwa analalamika tu, alikuwa anaigiza sauti, anatunga majina ya utani, anaweka vijinyimbo. Usipoelewa hiyo raha hutamwelewa baba mdogo wa mleta mada, yule yupo peke yake kwenye lori siku nzima na ile sauti ndo abiria wake.

Na hiyo biashara ya hasira sio ya upande mmoja jamani. Mnakumbuka Januari 2019 ile video ya Washington, mwanafunzi wa Kentucky na kofia nyekundu ya Trump amesimama uso kwa uso na mzee wa Wahindi Wekundu, wale wenyeji wa asili wa Marekani, anayepiga ngoma? Safari hii waliowaka ni wale wasiompenda Trump, mtoto katukanwa dunia nzima kwa klipu fupi. Baadae ikatoka video ndefu, kumbe kulikuwa na kikundi cha tatu kinawatukana wale wanafunzi muda mrefu, na yule mzee ndo aliyewasogelea na ngoma yake. Mtoto akaishtaki CNN, wakamalizana nje ya mahakama Januari 2020. Redio za kihafidhina zilikula ile stori wiki nzima, na hapo kwa kweli walikuwa na haki ya kuila.

Huku kwetu hayapo? Msimu mmoja wa korosho ilizunguka klipu ya kiongozi wa chama cha msingi anasema "korosho za hawa watu chafu, hazina bei", watu wakataka kumfuata nyumbani. Ukipata kikao chote unakuta alikuwa anawaeleza wanachama kile alichoambiwa na mnunuzi na anakipinga. Aliyekata alikata pale pale panapouma, na waliosambaza wengi korosho hata mche mmoja hawana.

Mzee wa Chikongola

Nimewasoma vijana. Mleta mada kasema huku tuna mamlaka ya kufungia, kweli, ipo sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010, ikaja ya makosa ya mtandao 2015, na kituo kinaangaliwa leseni yake. Ila mimi nilikuwa hapa Mtwara 2013. Redio gani ilituchochea? Hakuna. Mambo yalikuwa kwenye SMS, vijiweni, sokoni, kwenye daladala. Watu walikuwa na swali la haki, gesi ya Mnazi Bay inapelekwa Dar kwa bomba la zaidi ya kilomita 500 sisi tunabaki na nini, na majibu waliyokuwa wanapewa ni ya mkato. Januari ikawaka huku mpaka Masasi, Mei 22 bajeti ya Nishati na Madini inasomwa Dodoma, mji ukalipuka, wanajeshi wakaingia, watu wakafa. Redio siku hizo zilikuwa za upole tu.

Kwahiyo mimi sishabikii yule Limbaugh lakini napo kuziba siko huko. Mtu mwenye donge anatafuta pa kulitemea, na akitemea redioni angalau unajua nani kasema na unaweza kumjibu. SMS ya 2013 ungemjibu nani?

Mwl_Newala

Shikamoo mzee. Hapo kwa kujibiwa nakupinga kidogo kwa heshima. Kwenye kile kipindi hujibiwi, maiki ni yake, kitufe cha kukata simu ni chake. Ndo maana wanasiasa wao wengi wanamwogopa mtangazaji kuliko mpinzani wa chama kingine, mbunge wa Republican akilegea kwenye uhamiaji kesho yake asubuhi jina lake linasagwa masaa matatu na simu ofisini kwake hazikatiki.

Kuchele_Lindi

Marahaba kwa niaba ya mzee 😄 Asanteni, nimeanza kupata mwanga. Ila mbona kwenye klipu wapiga simu karibu wote wanakubaliana na mtangazaji? Akitokea mpinzani anakuwa wa ajabu ajabu, kuongea hajui, anafoka.

Fundi Mitambo

Hiyo naijua, nimekaa mezani kwenye redio ya huku kusini miaka kadhaa. Simu haiingii moja kwa moja, kuna mtu nje ya studio anapokea kwanza, anakuuliza jina, unatokea wapi, unataka kusema nini, alafu anamwandikia mtangazaji kwenye skrini. Anayekubali kwa uchangamfu anapita, anayepinga kwa jazba anapita maana atachekesha, yule anayepinga taratibu na hoja zake anaambiwa subiri kwenye laini, anasubiri mpaka salio linaisha. Sisi tulikuwa tunafanya hivyo hivyo kwenye kipindi cha mapenzi, msishangae.

Sasa kwenye hela. Mkimwambia baba mdogo atume saa nzima bila kukata, sikilizeni matangazo ya katikati. Sarafu za dhahabu, chakula cha kuhifadhi miaka, vidonge vya lishe. Mtu akishaambiwa nchi inaanguka, dola itakuwa karatasi, tangazo linalofuata linamuuzia dhahabu. Hasira na bidhaa vinashikana mkono, ndo maana inalipa. Na wadhamini wa kawaida wakiona aibu wanakimbia, 2012 Limbaugh alimtukana mwanafunzi wa sheria aliyeongea mbele ya wabunge kuhusu bima kulipia uzazi wa mpango, makampuni yakajitoa moja baada ya jingine, ikabidi aombe radhi, na mtu yule kuomba radhi ilikuwa kazi.

Huku kwetu hesabu haiji. Redio ya mkoa inaishi kwa matangazo ya misiba, salamu, vipindi vya kulipiwa vya halmashauri na mashirika, chanjo, na msimu ukifika wauza salfa na mabomba ya kupulizia mikorosho. Sisi tulijaribu kipindi cha jioni cha ubishi wa siasa. Simu zilifurika, bodaboda wanasimamisha pikipiki wasikilize, tukajua tumetoka. Mwenye duka la salfa akaja mwenyewe studio akasema matangazo yake tuyatoe pale, wateja wake wapo vyama vyote na yeye anachotaka ni wote waje dukani. Wa pili akafuata. Mwisho wa mwezi kipindi kinachosikilizwa kuliko vyote ndo hakina hata tangazo moja, mkurugenzi akatuita, saa ile akapewa kijana wa michezo, na yeye wiki ya kwanza tu akapata mdhamini.