Itakoneti kwenye seli: ya kawaida au ya esta?

mwanamaabara: Wakuu habari, nina makrofeji (seli za kinga) za panya nataka kuzipa itakoneti, ile asidi ambayo zenyewe huitengeneza ndani, ila mimi niiweke toka nje, sasa jamaa wa maabara anasema haipiti utando wa seli sababu ina chaji eti ninunue ya dimethili (ile ya esta, chaji yake imefunikwa). Kweli?

Chembe: Anatia chumvi huyo. Chaji inaipunguzia kasi ndio, ila tafiti za 2020 zilionyesha ya kawaida inaingia kwenye makrofeji, halafu hiyo dimethili ikishaingia haigeuki kuwa itakoneti, inaamsha NRF2 (protini inayowasha jeni za kujikinga za seli) kwa nguvu zake yenyewe, sasa matokeo utasema ni ya nani?

bi_pipeti: Na pH jamani!! ukimwaga asidi yake hivihivi midia (maji ya lishe ya seli) inageuka njano seli zinateketea, sawazisha kwanza na NaOH mpaka 7.4

mwanamaabara: Asanteni sana. Na oksaloaseteti je, hii kemikali nyingine ya seli, naweza kuyeyusha nikaweka frijini wiki nzima?

Chembe: Thubutu 😂 inajivunja yenyewe, inatoa kaboni dioksaidi inabaki piruveti, kwenye 37°C ni suala la masaa tu. Yeyusha siku hiyohiyo, na weka kontroli ya piruveti pembeni, yaani seli zingine zilizopewa piruveti tu, za kulinganisha