Mjadala: Ndege anayehamahama apimwe Julai, halafu bustani ijengwe?

Ndugu zangu wa Mbeya, naomba tulijadili hili kabla greda halijapanda. Kata yetu, huku juu upande wa Uporoto, imetengewa eneo la bustani ya mapumziko: bembea, vibanda vya chai, maegesho, na paina kuzunguka pande zote. Ni ule uwanda wa nyasi ambao haujawahi kulimwa. Wapima ndege walikuja Julai, wakatembea asubuhi moja, wakaandika kwamba mbayuwayu buluu hayupo.

Upimaji ule haufai, kwa sababu Julai mwenye nyumba huwa amesafiri. Mbayuwayu buluu huja nyanda zetu mvua zikikaribia, Septemba au Oktoba, hutaga na kulea, na ifikapo Aprili huondoka kwenda kaskazini, Uganda na magharibi mwa Kenya. Kumtafuta Julai ni kupiga hodi kwa mtu aliyekwenda msibani, ukaondoka ukitangaza nyumba haina watu.

Tena huyu hajengi chini ya paa kama wale wa pale shuleni. Hujenga ndani ya shimo ardhini, lililochimbwa na muhanga au pale udongo ulipotitia. Januari nilikaa mbali kidogo na shimo moja pale uwandani. Dume akapita chini kabisa, karibu aguse nyasi, buluu iliyoiva inayong'aa, mkia nyuzi mbili ndefu, akazama shimoni. Alipotoka nilichungulia mara moja tu: kikombe cha tope na nyasi kavu kimegandishwa ukutani. Dereva wa greda hawezi kukiona. Na hizo paina nazo ni msiba, maana ndege huyu hutaka nyasi wazi za kuwindia wadudu. Kimataifa amewekwa kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka, na kinachommaliza ni mashamba na miti ya kupandwa.

*Jibu:*
Mwalimu, shikamoo. Ulinifundisha darasa la tano na nakuheshimu. Lakini watoto wangu watatu wanacheza mpira kando ya barabara ya Tukuyu, malori ya mpakani Kasumulu yanapita mita chache tu. Tukisubiri mvua, fedha zitarudi hazina. Ndege ana Kitulo nzima, hifadhi ya taifa tangu 2005. Hawa watoto wana wapi?

*Jibu:*
Marahaba, mwanangu. Malori hayo nayaogopa kama wewe, nimeshazika mwanafunzi kwa sababu yake. Bustani naitaka. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30. Wakipima kuanzia Novemba hadi Januari, mkataba unasainiwa Februari, na greda linapanda Mei, ndege wameshaondoka.

Kuhusu Kitulo: mbayuwayu huyu hurudia shimo lile lile mwaka baada ya mwaka. Ukilifukia, huwezi kumwelekeza Kitulo, kule Makete.

Halafu tukumbuke Kihansi, hapo Udzungwa. Yule chura mdogo wa maporomoko aligunduliwa 1996, kazi ya bwawa ikiwa imeshaanza. Maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo ya umeme, manyunyu aliyoyategemea yakakauka. Ikabidi vyura wasafirishwe hadi Marekani wakafugwe, na 2009 ikatangazwa kwamba porini wameisha. Kuwarudisha kulianza 2012, kwa mabomba ya kunyunyizia maji na gharama za miaka. Umeme tuliuhitaji, sibishi. Ila bonde lile lingekaguliwa kikamilifu kwanza, njia ya kuwaachia maji ya kutosha ingetafutwa mapema, kwenye karatasi.

Mashimo niliyoyaona yenye viota ni matatu, yote upande wa juu. Huku chini, karibu na tangi la maji, sijaona hata moja, na ndiko kulikonyooka kwa uwanja wa mpira. Naomba wapimaji warudi Novemba, waanzie juu, saa moja asubuhi. Nitawasindikiza mwenyewe.