Mwongozo wetu useme Linux au GNU/Linux?

wa_kondele: Wasee habari zenu. Hapa Kisumu tunaandika mwongozo wa programu huria ya hesabu za chama, sasa ukurasa mmoja unasema Linux, mwingine GNU/Linux, halafu kwa Apple kuna Mac OS X, OS X na macOS zote ndani ya faili moja. Mweka hazina akisoma hiyo si atadhani ni mashine tofauti? Tushike gani?

nakuru_fundi: Linux yenyewe ni keneli tu, yaani kiini cha mfumo wa kompyuta, Linus Torvalds aliitoa 1991, lakini GNU, mradi wa kutengeneza mfumo mzima huru, Richard Stallman alikuwa ashautangaza tangu 1983, na hizo komandi za kila siku kama ls na cp, hata bash, zimetoka huko, kwa hivyo mkiongelea mfumo mzima andikeni GNU/Linux. Debian, moja ya mifumo inayotumia Linux, wanaandika hivyo na mimi naona ni haki ya waliofanya kazi.

kaka_wa_kakamega: Sawa, lakini si kila mahali. Alpine, mfumo mwingine wa Linux, inatumia musl na BusyBox badala ya vifaa vya GNU, hiyo si GNU. Na hatua ikiwa ya apt, komandi ya kuinstall programu, taja Debian na Ubuntu kwa jina, ju mtu wa Fedora ataandika hiyo komandi ikatae kabisa aanze kulaumu programu yenu. Ya Apple ni macOS tangu 2016, m ndogo.

wa_kondele: Asante sana ndugu zangu. Basi GNU/Linux kwa maelezo ya jumla, hatua za kuinstall zitaje Debian, Ubuntu au Fedora. Usiku napitisha grep, komandi ya kutafuta maneno kwenye faili, nibadilishe zote.

nakuru_fundi: Usiguse majina ya faili na linki lakini, zitavunjika.