Nyanya anapigwa na babu na hataki tuseme, tufanyeje?

mjukuu_mld: Salaam aleikum jamaa. Niko Malindi, nyanya yangu ana miaka 72 na babu anampiga. Si jambo la jana, mamangu amekua akiyaona, ila zamani nyanya alikuwa akikimbilia kwa jirani saa hii magoti hayamruhusu. Juzi nimemkuta kajifunga leso mpaka vidoleni na joto lote lile, kumbe anaficha mkono umevimba. Pesa za Inua Jamii, zile za serikali za wazee, zikiingia babu anachukua zote na simu anaishika yeye. Wajomba wanasema hao washazeeka waacheni, sitirini nyumba. Naumia sana.

khalati_lamu: Pole mwanangu. Usianze na wajomba, anza na yeye mwenyewe, babu akienda msikitini. Muulize yeye anataka nini, mana ukimwambia tu ahame ni kama unamtoa kwa majirani zake na kila kitu alichojenga ujanani. Akikataa usimkasirikie, endelea kwenda. Na hao wajomba waambie sitara ni haki ya nyanya pia, sio ya babu peke yake!

wakili_mtaani: Sheria ya 2015 ya kulinda watu na unyanyasaji wa nyumbani haiangalii umri, na kunyang'anywa pesa nako kumo. Korti inaweza kutoa amri babu asimguse, ndoa ibaki na asifungwe, akiivunja hiyo amri ndo anashtakiwa. Wazee wengi hawajui hili wanadhani ni talaka au jela basi. Piga 1195, laini ya msaada kwa wanaonyanyaswa, ni bure usiku na mchana, ila usitumie simu ya nyanya kama babu ndo anaishika. Mkono uonwe na daktari, aambiwe ukweli auandike, mkitaka kuripoti, P3, ile fomu ya daktari kujaza majeraha, mtapata polisi. Ya pesa muulizeni afisa wa huduma za jamii.

abuu_s: Babu yetu alikuwa mpole maisha yake yote, akapata stroki ndo akaanza kurusha mikono, huyo tulimpeleka hospitali akasaidika. Lakini babu yako ni wa tangu zamani, asikwambie mtu eti ni uzee.

mjukuu_mld: Shukran sana wote. Nimeongea na mamangu, kesho tunampeleka hospitali, babu tutamwambia tunaenda kupima presha.