Wahariri wakongwe warudi darasani kujifunza habari za afya na sayansi, au ni posho tu?

Kalamu Kongwe:
Wakuu, salaam. Huu ni mwaka wangu wa 22 gazetini, kwa hiyo mkuki huu unanichoma na mimi. Mafunzo ya kuandika habari za afya tunawapeleka vijana waliotoka chuoni juzi. Lakini anayeamua ukurasa wa mbele ni mhariri mwenye mvi, na ripoti ya utafiti yeye husoma kichwa cha ripoti tu.

Kumbukeni Loliondo, 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile yuko kijijini Samunge, kikombe cha dawa ya mti wa mugariga shilingi 500, eti kisukari kinapona, saratani inapona, hadi UKIMWI. Sisi tukaandika foleni: magari yamefika wapi, nani kaja na helikopta, kigogo gani kanywa. Mimi mwenyewe nilipitisha habari ya mama aliyesema sukari imekwisha. Alipimwa lini, wapi, vidonge vyake anaendelea navyo? Sikuuliza. Gazeti likaisha mapema, tukapongezana.

Nesi wa Zamu:
Mkuu, mlipokuwa mnapongezana sisi wodini tulikuwa tunapokea walioacha ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, kwa sababu ya hicho kikombe. Naomba niishie hapo.

Nakuunga mkono, ila darasa lianze na hesabu. Oktoba 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema kula gramu 50 za nyama ya kusindikwa kila siku kunaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Watu wakaja kliniki wanasema soseji na sigara ni kitu kimoja. Asilimia 18 ya nini? Tuseme katika watu 100 wangeugua 5, basi wataugua karibu 6. Na shirika hilo kuiweka nyama hiyo kundi moja na sigara maana yake ushahidi umetosha, siyo kwamba madhara yanalingana. Hayo mawili mwandishi akiyachanganya, mimi ndiye ninayebaki kuyafafanua na foleni iko mlangoni.

Bahasha:
Mnazunguka mbuyu. Semina tunazijua: hotelini, chai ya saa nne, cheti, picha ya pamoja, posho, Jumatatu mtu anaandika vilevile. Mwandishi wa wilayani analipwa kwa habari iliyotoka. Akitumia siku tatu kumsaka mtaalamu wa pili, hizo siku tatu anakula nini? Na mganga anayelipia tangazo ukurasa wa 12, mhariri atamgusa ukurasa wa kwanza? Shida ni njaa, siyo elimu.

Mtu wa Kusini:
Nyie wa mjini mnabishana, sisi tulitaka kitu kidogo tu. Julai 2022 kule Ruangwa, Lindi, watu walitokwa damu puani, watatu wakafariki, vijiweni ikawa tayari ni Ebola. Wizara ikatangaza homa ya mgunda. Redio niliyokuwa naisikiliza ikasoma idadi ya wagonjwa na jina la waziri, basi. Kwamba bakteria hao hutoka kwenye mkojo wa panya na wanyama wengine, wakaingilia kidonda ukikanyaga maji machafu, nilielezwa na bwana afya. Nina shamba la mpunga, natembea peku!

Kalamu Kongwe:
Bahasha, la tangazo sikupingi, nimeliona kwa macho yangu. La hoteli pia nakuachia. Mimi ningempeleka mhariri maabara wiki mbili bila posho, aone kipimo kinavyokosewa na kurudiwa. Lakini usiweke kila kitu kwenye njaa. Siku ile ya yule mama hakuna mwenye tangazo aliyenizuia. Nilikuwa nimeshiba, na simu ya daktari ilikuwa mezani. Sikujua tu cha kuuliza.

Bahasha:
Haya. Sasa umeshajua cha kuuliza. Mwenye tangazo akipiga simu kesho, utampokeaje?